Laptop moja ya ramani na ya FC kwa milioni moja na laki nane

Swali: “Shikamoo kaka fundi. Nasoma Chuo cha Ardhi hapa Tabora, upimaji, mwaka wa kwanza. Baba mdogo ameahidi kuninunulia laptop. Fungu lake ni shilingi 1,800,000, likiisha limeisha. Nataka ya kufanyia AutoCAD na QGIS na kuandikia ripoti, na kazi zikiisha nicheze FC 24 na GTA V. Nina tatu mbele yangu. Ya kwanza ni HP EliteBook 840 G3 iliyotumika, Core i7, RAM 8, 750,000. Muuzaji anasema i7 haishindwi na kitu. Ya pili ni mpya ya boksi, Core i3 ya kizazi cha 12, RAM 8, 1,150,000. Ya tatu ni Acer Nitro 5 iliyotumika, Core i5-9300H yenye GTX 1650, RAM 8, SSD ya 512, anaiuza mtu aliyeko Dar kwa 1,450,000. Baba mdogo anasema hiyo ya tatu ni ya kuchezea, haimfai mwanafunzi. Naogopa kumpotezea hela. Nishauri.”

Marahaba, mdogo wangu.

Chukua ya tatu, ile Nitro, ilimradi ipite ukaguzi nitakaokueleza. Isipopita iache, utafute nyingine ya aina hiyo. EliteBook usiichukue kwa kazi ulizozitaja. Ile mpya ya boksi si mashine mbaya, ila itaanza kukuchosha kabla hujamaliza chuo, na gemu utazicheza kwa kulazimisha.

Nianze na neno la baba mdogo, maana ndiye mwenye hela na hoja yake ina uzito. Angekuwa anakusomesha uhazili au sheria ningemuunga mkono palepale: mashine nyepesi, betri inayokaa, basi. Lakini wewe unasoma upimaji. Mwaka wa kwanza utachora viwanja viwili vitatu kwenye AutoCAD na utaona kompyuta yoyote inatosha. Subiri ufike mahali pa kupakia picha ya anga ya kata nzima, tuseme Ipuli, kwenye QGIS, uilaze kwenye UTM zoni ya 36 kusini, mfumo wa vipimo vya ramani wa eneo letu, juu yake uweke mipaka ya viwanja, barabara na mistari ya mwinuko, kisha uanze kuivuta huku na huku kutafuta kigingi kimoja. Mashine dhaifu inakuonyesha ramani nyeupe huku ikifikiri. Subiri pia siku mtakayopewa picha mia kadhaa za droni mziunganishe ziwe ramani moja. Programu kama Agisoft Metashape huipa kadi ya grafiksi, yaani chipu ya kuchorea picha, sehemu kubwa ya hesabu hizo. ArcGIS Pro nayo, programu nyingine ya ramani, watengenezaji wake wanashauri kadi inayojitegemea yenye kumbukumbu ya GB 4 au zaidi.

Kwa hiyo kadi ileile ya Nitro, hiyo GTX 1650, inayochora nyasi za uwanja na uso wa mchezaji kwenye FC ndiyo itakayokuunganishia picha za droni. Kwa fani yako masomo na gemu havigombani, vinadai mashine moja. Mweleze baba mdogo hivyo kwa adabu, umwonyeshe na orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Mzee anayetoa milioni moja na laki nane ana haki ya kujua inakokwenda.

Tuje kwenye hiyo i7, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopigwa. Jina “Core i7” la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, limekuwepo tangu 2008. Peke yake halikwambii mashine ina umri gani wala nguvu kiasi gani. Ni cheo tu ndani ya kizazi chake. Kinachosema ukweli ni namba inayofuata na herufi ya mwisho. EliteBook 840 G3 hutumia prosesa za kizazi cha sita, na i7 utakayoikuta humo mara nyingi ni i7-6600U. Ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi, na kizazi hicho ni cha mwaka 2015. Ile U inakwambia prosesa imetengenezwa kula umeme kidogo, haikutengenezwa kubeba mzigo mzito. Ndani ina viini viwili tu vya kufanyia kazi.

Sasa linganisha. i5-8250U iliyotoka 2017 ina viini vinne. i5-9300H ya kwenye Nitro ina vinne pia, na ile H ni ya prosesa zinazoruhusiwa kula umeme mwingi, kwa hiyo inashika kasi kubwa na kukaa nayo muda mrefu. Hiyo i3 mpya, kama ni i3-1215U, ina viini sita, na hata kiini chake kimoja kikifanya kazi peke yake kinakimbia kuliko cha i7 ile. Hili la kiini kimoja lina maana kubwa kwako, kwa sababu AutoCAD ukichora michoro bapa hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja kuliko wingi wa viini. Muuzaji anayekwambia i7 haishindwi na kitu huenda anaamini anachosema, lakini kwenye meza yake hiyohiyo kuna i3 inayoishinda.

Kuna na suala la Windows. Microsoft walisitisha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kuja juu. Kizazi cha sita hakimo. Madukani utaoneshwa EliteBook ya zamani ina Windows 11 na inawaka vizuri. Imewekwa kwa njia ya kuruka ukaguzi huo, na Microsoft hawakuhakikishii masasisho kwenye mashine ya namna hiyo. Gemu za mtandaoni nazo zimeanza kukagua. VALORANT kwenye Windows 11, kwa mfano, haifunguki bila TPM 2.0. Kwa laki saba na nusu unanunua mashine ambayo mlango wake umeshaanza kufungwa.

Sisemi EliteBook ni mbovu. Ni imara, kibodi yake ni tamu kuandikia, na ukianguka nayo kwenye bodaboda ina nafasi nzuri ya kupona kuliko nyingine nyingi. Mwenzako wa uhazili akiniuliza, namwambia atafute 840 G5 yenye i5 ya kizazi cha nane, aweke RAM ya kutosha, asome kwa amani. Wewe kazi yako ni nyingine.

Ile mpya ya i3 ingekuwa chaguo langu la pili. Ina waranti, betri ni nzima, Windows 11 ni halali. Inachokosa ni kadi. Grafiksi yake iko ndani ya prosesa na inaazima kumbukumbu kwenye RAM yako ya GB 8, kwa hiyo unapofungua ramani nzito RAM ileile inagawanywa mara mbili. GTA V itafunguka ukishusha mipangilio karibu yote. FC 24 itakusumbua.

Hiyo Nitro sasa. Wenye FC 24 walitaja kiwango cha chini kuwa GTX 1050 Ti yenye GB 4 na RAM ya GB 8, na kiwango wanachokipendekeza ni GTX 1660 na RAM ya GB 12. GTX 1650 imekaa katikati ya hizo mbili. Maana yake utacheza vizuri kwa mipangilio ya kati, bila mpira kurukaruka. GTA V ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2015, na kadi iliyopendekezwa wakati ule ilikuwa GTX 660. 1650 iko juu yake kwa mbali, mradi tu usichanganye na toleo jipya lililoongezewa vitu mwaka 2025, ambalo ni zito zaidi.

Ukikosa hiyo Nitro ukaanza kutafuta ndugu zake, utakutana na Lenovo IdeaPad L340 Gaming, HP Pavilion Gaming 15, Dell G3 3590 na Asus TUF FX505. Zote zilikuwa na matoleo yenye GTX 1650 mwaka 2019, kwa hiyo ziko rika moja. Ila kuwa mwangalifu na jambo ambalo halibandikwi kwenye stika: kadi za jina moja hupewa umeme tofauti. GTX 1650 ya kawaida kwenye laptop hupewa wati 50 hivi, na ile inayoitwa Max-Q hupewa wati 35 au chini kidogo, ili iingie kwenye mwili mwembamba. RTX 3050 ndiyo imezidi: kuna ya wati 35 na kuna ya wati 80, na zote dukani zinaitwa RTX 3050. Ukiona laptop nyembamba sana, nyepesi, halafu inajisifia kadi kubwa, uliza wati kabla hujauliza bei.

RAM ya GB 8 itakubana. QGIS, kivinjari chenye kurasa kumi na faili moja ya Word vinatosha kuijaza. Lenga GB 16, na iwe vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu vipande viwili hupitisha data kwa njia mbili. Tatizo ni kwamba RAM imepanda bei tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye kompyuta kubwa za akili bandia. Kwa hiyo mwombe muuzaji aiweke GB 16 kabla hajaituma, mpatane bei ikiwa nzima. Mara nyingi inatoka nafuu kuliko kuja kutafuta kipande kimojakimoja huku.

SSD ya 512 inatosha kwa kujibana. Windows itakuonyesha kama GB 476, yenyewe inachukua makumi kadhaa, FC 24 inataka GB 100 na GTA V nayo ni kubwa. Ukishaweka gemu zote mbili umebakiza nafasi ya kuishi nayo, lakini picha za droni zitakulazimisha kufuta gemu moja. Nitro 5 nyingi za rika hilo zina nafasi ya kuongeza diski ya pili, uliza. Kioo kiwe IPS. Ukikitazama kwa pembeni rangi zisigeuke, maana ramani inayosomeka kwa rangi itakudanganya kwenye kioo kibaya. MacBook iache: ArcGIS Pro na Civil 3D ni za Windows.

Nikwambie na gharama za kuishi na mashine ya gemu, ili zisije kukushtua. Ni nzito, kilo 2.2 hadi 2.5, na chaja yake ni tofali. Chaja hizo ni za wati 120 hadi 150, wakati EliteBook inaridhika na 45 au 65. Chaja ikipotea usibandike yoyote inayoingia. Chaja ya wati chache itaifanya mashine ipunguze kasi yenyewe, na gemu ikinoga betri inaliwa ingawa umechomeka. Ukicheza bila chaja, kadi hubanwa umeme, picha zinakuwa nzito, na betri ya mashine iliyotumika haifiki mbali. Gemu ni la kwenye soketi. Betri iache iwe ya darasani, na ya kukuokoa umeme ukikatika katikati ya kuchora.

Na umeme wetu unaujua. Unaokatika si tatizo kubwa, betri ipo. Hatari ni unaporudi kwa kishindo. Kwenye meza yangu hapa Isevya, laptop nyingi zinazoletwa zimekufa ghafla zilikuwa kwenye soketi umeme ulipokuwa unaenda na kurudi. Ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika kadhaa utulie ndipo uchomeke. Nunua stabilaiza ndogo, na waya wa chaja uwe wa plagi yetu ya pini tatu yenye fyuzi, maana mashine nyingi zilizotumika zinakuja na plagi za Ulaya au Marekani, watu wanachomekea adapta za bei rahisi zinazolegea na kutoa cheche.

Joto na vumbi ndiyo habari nyingine. Mwezi wa tisa na wa kumi Tabora inachemka, na vumbi la kiangazi linapenya hata dirisha lililofungwa. Mashine ya gemu inavuta hewa nyingi, kwa hiyo inavuta na vumbi jingi. Nikifungua kifuniko cha chini cha laptop iliyokaa mwaka mzima bila kusafishwa, nakuta vumbi limeshikana na nywele na nyuzi za blanketi, limelala mbele ya mapezi ya kipozeo kama kitambaa, feni inalia kwa nguvu na hewa haitoki. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi ili isiungue, na mwenyewe anadhani gemu ina tatizo. Isafishwe kila baada ya miezi sita, na mara moja kwa mwaka fundi aibadilishe pesti ya kupitishia joto iliyo kwenye prosesa na kadi. Usiiweke juu ya godoro. Matundu ya kuvutia hewa yako chini. Ukicheza mezani, inyanyue kwa nyuma kwa vitabu viwili. Na kama kioo chako ni cha 60Hz, nenda kwenye mipangilio ya gemu ufunge fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, kwenye 60. Fremu za ziada huzioni, lakini joto lake unalipata.

Ukaguzi wa Nitro hiyo ufanywe na mtu unayemwamini aliyeko Dar, awe mbele ya mashine. Video ya WhatsApp haitoshi. Mtumie maelezo haya kama yalivyo.

Mashine ikutwe imezimwa na ya baridi. Iwashwe. Ikiomba nywila kabla hata nembo ya Windows haijatokea, au ikidai uingie kwa barua pepe ya kampuni fulani, muuzaji hajaikomboa, ondoka. Ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance. Upande wa kushoto chini lazima ziwepo GPU mbili, ya Intel na ya NVIDIA. Bofya ya NVIDIA: jina liwe GeForce GTX 1650 na kumbukumbu yake ya kujitegemea isome GB 4. Bofya Memory palepale: kuna mstari unaoonyesha nafasi za RAM zilizotumika, utajua kama ni kipande kimoja au viwili bila kufungua mashine.

Halafu betri. Fungua dirisha la amri, yaani cmd, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipohifadhiwa. Ifungue utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni uwezo betri iliozaliwa nao, FULL CHARGE CAPACITY ni uliobaki. Wa pili ukiwa nusu ya wa kwanza, betri imezeeka, na gharama ya betri mpya itoke kwenye bei ya muuzaji. Usiahirishe mazungumzo hayo mpaka baada ya kulipa.

Baada ya hapo itiwe mzigo. Programu ya bure inayoitwa Unigine Heaven si kubwa kuipakua. Mashine ikiwa kwenye chaja, iachwe iende dakika ishirini. Dakika tano za mwanzo hazisemi kitu, kila mashine inaonekana nzuri. Angalia namba ya fremu pale juu: ikianza vizuri halafu baada ya dakika kumi ikaporomoka nusu na kubaki hukohuko, mashine inabanwa na joto. Weka kiganja nyuma, kwenye matundu ya kutolea hewa. Hewa iwe ya moto na itoke kwa nguvu. Feni ikinguruma na hewa ni dhaifu, ni vumbi, linasafishika, ni hoja ya kushushia bei. Feni ikikwaruza kama inagusa kitu, hiyo inabadilishwa. Lakini kioo kikitoa vidoti vya rangi, mistari au viraka picha zikiwa zinakwenda, usishushe bei wala usibembelezwe. Kadi inakufa, na kwenye laptop hizi kadi imechomelewa kwenye mazabodi.

Mwisho wa jaribio, achomoe chaja ghafla huku programu inaendelea. Fremu kushuka ni kawaida. Mashine kuzima ni betri mfu. Kisha aifunue na kuifunga taratibu akiwa ameishika kona moja. Ikilia au plastiki ya pembeni ikiachia, bawaba zimechoka. Ajaribu kila kitufe, zaidi W, A, S na D, maana vitufe hivyo ndivyo vinavyosema mwenye mashine aliicheza kiasi gani. Kamera, maiki, kila tundu la USB, Wi-Fi. Achomeke hedifoni.

Kwenye malipo, usitume hela kwanza kwa mtu usiyemjua hata akikutumia picha ya kitambulisho. Ndugu yako akague, alipe, achukue risiti. Kama muuzaji hana risiti ya alikonunua, waandikishane karatasi ya mauziano yenye namba ya utambulisho ya mashine (serial number), majina kamili, namba za simu na shahidi. Laptop za wizi zinazunguka sana, na anayekutwa nayo ndiye anayepata shida ya kujieleza polisi. Namba hiyo iko chini ya mashine. Ndugu yako ahakikishe inafanana na inayosomeka kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Kuja Tabora, heri ibebwe na mtu anayesafiri, aipakate. Ikibidi iende kama kifurushi cha basi, iwe imezimwa kabisa na imefungwa kwenye boksi lenye sponji pande zote.

Kama baba mdogo bado hataki kabisa kuona kibodi yenye taa nyekundu, kuna njia ya katikati ambayo wapimaji wengi wa kazini wanaijua: mashine za kihandisi zilizotumika, kama HP ZBook 15 G5, Dell Precision 5530 au Lenovo ThinkPad P52. Ni za kizazi cha nane, zinakubali Windows 11, nyingi zina prosesa ya viini sita, na kadi zake ni Quadro P1000 au P2000. Quadro P2000 kwenye gemu inakaribia GTX 1050 Ti, kwa hiyo FC 24 itacheza kwa mipangilio ya chini. Kwa AutoCAD na ArcGIS zimetengenezwa hasa kwa kazi hizo. Ukipata ZBook yenye P2000 na RAM 16 ndani ya fungu lako, ikapita ukaguzi huohuo, ichukue bila kusita. Kwa gemu Nitro inaishinda, kwa uimara wa bodi ZBook inaishinda Nitro. Mimi ningekuwa na fani yako ningependa ZBook. Nimekuchagulia Nitro kwa sababu ipo, bei unaijua na wewe mwenyewe umesema unataka kucheza.

Zile laki tatu na nusu zitakazobaki usizirudishe kwenye mashine kubwa zaidi. Kwanza RAM. Pili stabilaiza na waya mzuri. Tatu begi lenye sponji, kwa sababu bodaboda na barabara zetu unazijua, na kabla ya kuiweka begini izime kabisa. Laptop iliyolala tu inaweza kujiwasha ndani ya begi ikajichemsha yenyewe. Kikibaki kitu, diski ya nje ya kuhifadhia kazi za chuo. Michoro ya mwisho wa muhula iwe mahali pawili siku zote. Google wanatoa GB 15 bure, na ripoti na michoro ya AutoCAD inaenea humo.

Gemu ya GB 100 kwa bando la simu itakufilisi. Kama kuna mwenzako hosteli ana FC au GTA kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, na wewe umenunua yako, Steam tangu 2023 inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kuhamishiana faili za gemu bila kupitia intaneti. Mnachohitaji ni ruta, bando linaguswa kidogo tu. Na kwenye Windows, iweke hotspot yako kama mtandao unaopimwa (metered connection) ili masasisho yasile bando usiku.

Programu za chuo usizichukue za kuvunjwa kufuli. QGIS ni ya bure kabisa. Autodesk wanawapa wanafunzi AutoCAD bure kwa mwaka, unaihuisha ukiwa bado chuoni, ukithibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi. Ulizia ofisi ya chuo barua au kitambulisho kinachokubalika. Gemu za kuvunjwa ni vilevile. Nimeletewa mashine ambazo kirusi kilichoingia na gemu kilifunga kila faili, na mwanafunzi ana wiki moja ya kuwasilisha mradi. Hapo fundi hana dawa. Fungua akaunti mbili kwenye Windows, moja ya masomo isiyo na gemu wala arifa zake, nyingine ya kuchezea. Inasaidia kichwa pia, ukikaa kuchora unachora.

Ikitokea Nitro imeshauzwa au imefeli ukaguzi na chuo kinakaribia kufunguliwa, usikimbilie EliteBook kwa ajili ya haraka. Fanyia kazi kwenye maabara ya chuo hata mwezi mzima huku ukitafuta. Kabla hujalipia yoyote, niandikie namba kamili ya modeli, prosesa mpaka herufi ya mwisho, jina la kadi na zile namba mbili za betri.